Joto la Mikese Kama Nilivyolipima Mimi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kazi imeanza. Mimi Stambuli, msaidizi wa utafiti, kituo cha Mikese. Cheo kinasikika vizuri. Kituo ndicho tatizo: kiwanja cha kufyatulia matofali, nyuma ya barabara kuu, hakina mti hata wa kumfungia mbuzi.

Utafiti ni wa joto. Chuo kinataka kujua joto linawafanya nini watu wanaoshinda juani. Ningeweza kuwajibu leo leo, lakini hawakuniuliza.

Nimekabidhiwa kipimo. Juu kina tufe jeusi, ukubwa wa chungwa. Chini kina kioo kidogo kinachoonyesha namba. Namba hiyo si joto la hewa peke yake, inachanganya jua, upepo na unyevu, yaani kile ambacho mwili unakipata hasa. Daktari Sharifa, mkuu wa mradi, ametueleza mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ananitazama mimi. Kipimo kikae juani, usawa wa kifua, palepale watu wanapofanyia kazi. Nisome kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Namba ikifika thelathini na mbili napandisha bendera nyekundu. Bendera ikipanda, wote wanaacha kazi nusu saa, wanakaa chini ya turubai na kunywa maji. Mzee Said, mwenye kiwanja, amekubali na kutia sahihi. Alikuwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Kuna kituo cha pili Mgeta, mlimani, kwa ajili ya kulinganisha. Huko amepelekwa Victor. Kwa nini Victor? Mimi ni Mluguru, milima ile ni ya bibi zangu! Victor katokea Moshi. Ana mlima wake tayari.

Ila kuna tumaini. Awamu ya pili inaanza Machi, na Daktari Sharifa amesema Mgeta atapewa msaidizi mwenye takwimu safi kuliko wote. Nimeliandika neno hilo kiganjani: SAFI. Kufika saa tano jasho lilikuwa limelifuta.

Jumanne, 4 Februari

Washiriki wangu ni wawili. Felista anabeba matofali mabichi kichwani na kuyapanga. Agustino anafyatua. Nawapima uzito asubuhi na jioni, kujua jasho limeondoka na kiasi gani. Kila saa nawauliza wanajisikiaje, moja hadi tano. Moja ni mzima kabisa. Tano ni karibu kuanguka.

Agustino ni Mnyamwezi wa Tabora. Akaniuliza kabila. Nikafanya kosa la kumwambia. Akaweka kibao chake cha kufyatulia chini, akanawa mikono, akatangazia kiwanja kizima kwamba amempata mtumwa wake, yule aliyemtoroka babu yake na kukimbilia milimani. Watu wakacheka hadi wakakaa. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo sina haki ya kukasirika. Nilikasirika kimoyomoyo. Jibu zuri lilinijia: Wanyamwezi walibebeshwa mizigo kwenda Bagamoyo na mpaka leo hawajaitua. Bahati mbaya lilinijia saa kumi na moja jioni, ameshaondoka.

Halafu maswali. Felista anajibu tatu, kila saa, bila kusimama. Agustino anajibu tano. Akishasema tano anajilaza mchangani, anakunja mikono kifuani, anafumba macho, ananiamuru nianze kulia na niwapikie ndugu zake watakaotoka Tabora. Mtani ana kazi kubwa msibani, anasema anataka kuona kama naijua. Leo amekufa mara sita. Kila mara aliinuka, akajipangusa na kuendelea kufyatua.

Fomu haina sehemu ya utani. Nimeandika 5, pembeni nikaongeza neno "utani". Haipendezi. Si safi.

Bendera imepanda saa tano, saa saba na saa nane. Kila ilipopanda Mzee Said alinitazama. Jioni Victor akatuma picha kwenye kundi letu la simu. Amevaa sweta, ameshika kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Chini ameandika kwamba baridi inawatesa huko. Nikamjibu pole. Sikuwa na pole yoyote.

Alhamisi, 6 Februari

Vipele vya joto shingoni. Kichwa kinagonga. Jana nilisoma 33 nikaandika 23, nikafuta, fomu ikatoboka.

Nimekuja na mwavuli. Mpango mzuri, ulidumu saa moja. Felista alipopita na matofali yake akaniuliza mwavuli ni wangu au ni wa kipimo. Kweli, kivuli kilikuwa kimelifunika tufe. Nikausogeza. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu: kivulini namba ilishuka kwa nne. Nimelitafakari jambo hilo kwa kina.

Mchana Mzee Said akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri kuliko siku zote. Akasema ni aibu msomi kuchomwa jua pamoja na vibarua. Ana stoo pale pembeni, kuta za udongo, nene, ndani kuna kiti cha kuegemea na mtungi wa maji. Dirisha linatazama kiwanja. Nikaenda kuiona kwa adabu tu. Jamani! Ndani ni kama mtu amekuwekea kitambaa cha maji usoni.

Nimekaa nikapima mambo. Vumbi ni adui wa vifaa. Kipimo ni cha gharama, nimetia sahihi kukilinda. Stoo iko Mikese, kiwanja kiko Mikese, hatua arobaini tu. Kisayansi ni kituo kilekile. Saa nane mchana nikakihamisha kipimo, nikakiweka kwenye rafu karibu na mtungi.

Ijumaa, 7 Februari

Takwimu za leo: 24, 24, 24, 25, 25, 25, 25, 25, 25. Hakuna kufuta. Hakuna tone la jasho kwenye karatasi. Ukizitazama tu unajisikia umeoga.

Bendera haikupanda. Mzee Said ameniletea juisi ya ukwaju na chapati mbili, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu huyu nilimdhania vibaya.

Maswali sasa nauliza dirishani, kwa sauti. Felista tatu. Agustino tano, na kufa kama kawaida. Nimeamua kumwandikia 1. Mtu mwenye nguvu za kutania ni mzima, hilo halihitaji chuo.

Saa nane Felista alikuja mlangoni kuuliza kama bendera imepotea. Nikamweleza namba haijafika. Akavua khanga yake ya kichwani, akaikamua pale kizingitini. Yalitoka maji, na hakuwa amejimwagia maji. Akasema, "Kaka Stambuli, toka nje kidogo tu." Nikamwambia kipimo kinahitaji utulivu. Akanitazama, akaondoka. Nilijisikia vibaya kwa muda wa chapati moja hivi.

Jumatatu, 10 Februari

Ushindi! Daktari Sharifa ametuma takwimu za vituo vyote kwenye kundi. Mgeta saa saba mchana: 26. Mikese saa saba mchana: 25. Nimemshinda Victor hata kwa ubaridi!

Victor akauliza mimi niko Mikese ya mlima gani. Wivu.

Daktari Sharifa akanipigia akauliza kama kipimo kina shida. Nikamhakikishia kiko salama kuliko vyote, nakiona kwa macho yangu muda huu. Akasema Jumamosi atakuja mwenyewe. Mtu mkubwa hatoki Morogoro mjini mpaka Mikese bure. Anakuja kunipa Mgeta. Jioni nimepita mitumbani nikachukua sweta la bluu, lina vifungo.

Jumatano, 12 Februari

Naandika taratibu.

Leo wamewasha tanuri. Matofali yote ya wiki yamepangwa kama nyumba, chini kuna midomo minne ya kuingizia magogo. Agustino alipewa kazi ya kulisha moto tangu alfajiri. Jua juu, moto mbele. Hata stoo ilifika 26. Kila saa nilimwuliza dirishani, saa tatu akajibu tano, saa nne tano, saa tano tano, nami nikaandika 1, 1, 1. Saa sita hakujibu, nikadhani hajasikia kwa sababu ya moto. Nikaandika 1.

Saa saba nikachungulia. Agustino amelala chini, hatua chache kutoka tanuri. Nikamwita. Kimya. Nikaona leo anataka kunizidi kabisa. Na mimi nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nikatoka stoo mchana, mara ya kwanza tangu Alhamisi, nikaanza kulia msiba. Nililia vizuri. Nikamvua kandambili zake na kofia, maana mtani ana haki ya kuchukua vitu vya marehemu mpaka ndugu waje kuvikomboa. Nikawauliza watu nani atabeba mizigo ya Bagamoyo sasa, na huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wakacheka. Walicheka kuliko siku ile aliponitania yeye. Nikaendelea. Nimepiga hesabu sasa hivi: nililia msiba kwa dakika tano.

Felista akaja na matofali kichwani. Hakucheka. Aliyaachia yote yakavunjika, akapiga magoti, akamshika Agustino shingoni. Akasema huyu amekauka. Mtu amekaa mbele ya moto tangu alfajiri na hana jasho hata chembe. Nikamgusa. Alikuwa wa moto, na ngozi kavu kama karatasi. Akafumbua macho akanitazama, akasema kitu kwa Kinyamwezi. Mmoja wa vibarua alikielewa. Alikuwa ananiita mama, ananiomba nimfungulie mlango.

Hakuwa ananitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Felista alishika usukani. Wakambeba hadi stoo. Akammwagia mtungi mzima, akamfunika kwa khanga iliyolowa, akachukua fomu zangu zote kwenye rafu akawa anampepea nazo. Kisha bajaji, mpaka zahanati.

Mganga akampima malaria, hakuna. Akauliza huko alikofanyia kazi joto lilikuwa kiasi gani. Wote wakanigeukia. Mtaalamu ni mimi. Daftari la namba lilikuwa mkononi.

Nikasema ishirini na sita.

Mganga akatikisa kichwa, akasema kwa namba hiyo si jua, akaanza kuuliza habari za kifafa na sukari. Felista akamwambia, samahani Daktari, achana na namba ya huyu, mguse mtu mwenyewe. Mganga akamgusa. Akaacha maswali, akaagiza maji ya baridi na dripu haraka.

Nilirudi chumbani kwangu jioni. Kandambili za Agustino bado nilikuwa nimezishika.

Alhamisi, 13 Februari

Agustino yuko hai! Amekunywa uji. Anawajua watu. Mganga amesema wiki mbili asikanyage juani, na kwamba wangechelewa nusu saa zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia. Safari hii nililia kweli, na haikuwa nzuri.

Mchana Mzee Said akaja na juisi. Anataka nakala ya fomu zangu. Jumamosi atamwonyesha Daktari Sharifa kwamba tangu Ijumaa namba haijagusa mstari mwekundu hata siku moja, kwa hiyo Agustino kaanguka na maradhi yake ya kwao, na habari ya bendera iishe. Turubai atafunikia matofali masika yakija. Akaniita shahidi wa kweli.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Nikisema kipimo kilikuwa stoo, bendera inabaki na Mgeta inakwenda. Nikinyamaza, Mgeta ni yangu, na hawa watu watafanya kazi mpaka mwingine aanguke. Ukiliweka hivyo, jibu ni jepesi mno. Nimeamua kusema ukweli wote.

Kisha nimejaribu sweta. Linanikaa vizuri mabegani.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao kimefanyika chini ya turubai. Daktari Sharifa, Mzee Said, vibarua wote. Agustino aliletwa akalazwa mkekani, kasema hawezi kukosa kesi ya kifo chake mwenyewe. Amekonda. Sauti imebaki nusu.

Mzee Said alisema yake, akipepea fomu zangu hewani. Akasema namba hazina undugu na mtu. Daktari Sharifa akaniuliza nina la kusema.

Nikasimama. Nia ilikuwepo, Mungu shahidi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa habari za vumbi. Vumbi nililieleza kwa urefu. Madhara ya vumbi kwenye vifaa, aina za vumbi, vumbi la Mikese likilinganishwa na la Mkuyuni. Nilikuwa najisikia naongea, nashindwa kuacha.

Felista aliinuka katikati ya hotuba. Akaingia stoo, akatoka na kipimo. Kitako chake kilikuwa na duara la unyevu wa mtungi. Akakipeleka hadi pale alipoangukia Agustino, tanuri bado linafuka, akakiweka usawa wa kifua. Daktari Sharifa akatazama saa yake, akatoka nje ya turubai, akasimama karibu nacho. Ikabidi na sisi tutoke. Tufe linahitaji dakika ishirini kutulia. Tulisimama juani dakika ishirini, wote, na Mzee Said na kanzu yake.

Ilikuwa saa nne tu asubuhi. Namba: 34.

Ningependa angenigombeza. Daktari Sharifa alilichukua daftari mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa Felista, na bendera juu yake. Akamwambia Mzee Said makubaliano yako palepale. Mzee Said akazikunja fomu zangu zikawa ndogo, ndogo zaidi, akazitia mfukoni. Kisha akaenda akachuchumaa mkekani kwa Agustino akamwambia pole. Nilimsikia. Ilimtoka kwa shida lakini ilitoka.

Mimi nilitaka kuondoka kimyakimya. Hapo Agustino akainua mkono. Akasema ana madai yake. Mtani amemlilia mtu aliye hai na kuchukua vitu vyake, na hilo lina malipo yake: kazi ya marehemu ifanywe na aliyemlilia. Mpaka atakapopona, mimi nifyatue mahali pake.

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, kuonyesha sina kinyongo. Baadaye nikagundua nacheka peke yangu. Mzee mmoja wa pale akasema madai ni ya haki. Mzee Said akasema kibao kile pale. Daktari Sharifa akasema kwa kweli amepungukiwa mshiriki, akaandika jina langu kwenye fomu.

Agustino akaongeza kwamba anaomba kandambili zake.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefyatua matofali arobaini na moja. Yaliyosimama ni kumi na mawili. Mengine yalijikalia yenyewe kama ugali wa maji.

Uzito asubuhi: kilo sabini na moja. Jioni: sitini na tisa. Kilo mbili zangu zimebaki Mikese.

Felista anauliza kila saa, anakuja mpaka mtu alipo. Saa tatu nikajibu tano. Akanitazama usoni, akaandika mbili. Nikapinga kwa nguvu, nikamkumbusha kwamba jibu ni la mshiriki, si la msaidizi, na kuna maadili ya utafiti. Akasema mtu wa tano hana pumzi ya kubisha.

Bendera imepanda mara nne. Sikuwahi kuona kitambaa kizuri namna ile.

Jumanne, 18 Februari

Siku mbaya. Mawingu yalitanda tangu saa tano, hewa imesimama, namba imeganda kwenye 31. Saa sita 31. Saa saba 31. Moja tu! Nikamwomba Felista aiongeze, moja ni kitu gani kati ya watu wanaofahamiana. Akasema hata nusu haongezi, kwa sababu Mzee Said akimkamata na moja ya uongo, siku ya kweli hatamwamini, na bendera itaisha. Mtu mgumu sana.

Alipokwenda kuchota maji nikapata wazo. Tanuri limeanza kufunguliwa upande mmoja, matofali ya ndani bado yana moto. Nikalitoa moja kwa gunia lililolowa, nikaliweka chini ya kipimo. Lengo lilikuwa 32. Nilitaka moja tu, sikuwa na tamaa.

Ikapanda 32. Nikapandisha bendera mwenyewe, vibarua wote tukakimbilia turubai. Nikajilaza. Dakika nne tamu kuliko zote za mwezi huu. Sikukumbuka kulitoa tofali. Harufu ya plastiki ndiyo iliyonikumbusha. Nilipofika kioo kilikuwa kinaonyesha 58, kikapepesa, kikawa cheusi.

Daktari Sharifa alipopigiwa aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kipimo kingine kinatoka nje ya nchi. Miezi mitatu, labda minne.

Mzee Said akasikia. Akaja anatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Makubaliano yanasema namba ikifika, akasema. Hakuna kipimo, hakuna namba. Hakuna namba, hakuna bendera. Akasema kesho turubai litatolewa.

Watu wote wakanigeukia. Mama mkwe wangu amewahi kunitazama vibaya, lakini yule angalau ni mmoja. Hata Agustino, anayeshinda hapa kivulini kunisimamia, hakunitania. Nilitamani angenitania.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika wakati wa mapumziko. Ndiyo, mapumziko.

Jana turubai lilitolewa kweli. Tulifanya kazi bila kusimama na jioni Felista mwenyewe alitapika njiani. Mimi miguu ilikuwa inatembea na mimi niko nyuma yake. Nilidhani ndiyo basi.

Leo saa tano Felista aliweka matofali chini. Akaanza kupita kwa mtu mmoja mmoja. Anamtazama machoni. Anaweka mgongo wa mkono shingoni. Kwa bwana mmoja aliuliza jina la mtoto wake wa mwisho. Yule bwana akafikiri, akafikiri tena, akataja la mtoto wa kwanza. Felista akamshika mkono, akamkalisha kwenye kivuli cha stoo, akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti akapandisha bendera.

Mzee Said akatoka mbio. Akauliza namba iko wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza, na sote tulijua haipo. Felista akasema, "Shikamoo mzee. Namba ni Agustino."

Agustino alikuwa amekaa ukutani kivulini, blanketi mabegani, mchana ule wa jua. Anahisi baridi siku hizi, baridi isiyo na sababu. Mzee Said akamtazama. Kisha akarudi ndani, akatoka amelibeba turubai kichwani mwenyewe, akalifunga mwenyewe, hakuomba msaada kwa mtu.

Bendera imepanda mara tatu mpaka sasa. Hakuna aliyebisha.

Mimi nimefurahi kwa ajili yao, lakini kama mtaalamu siwezi kukaa kimya. Nimemweleza Felista kwamba kushika watu shingo na kuwauliza watoto wao si kipimo. Hakuna safu yake kwenye fomu. Mtu hawezi kutuma chuoni jina la mtoto wa mtu. Akanijibu kwamba nina robo saa ya kupumzika iliyobaki, niitumie kunyamaza.

Basi nimeitumia kuandika barua kwa Daktari Sharifa. Nimemwarifu kwa masikitiko kwamba kituo cha Mikese kinaendeshwa kwa macho na mikono, bila takwimu hata moja, na kinahitaji mtu mzoefu wa kurudisha utaratibu. Nimejitaja. Nimegusia pia kwamba Victor amekiri kwa maandishi kuteswa na baridi, na mimi sina pingamizi na Mgeta.

Na kwa kuwa najua atataka uthibitisho kwamba nimebadilika, nimeambatanisha fomu za Mikese za wiki ijayo yote, Jumatatu hadi Jumamosi. Nimeshazijaza. Kila saa nimeweka thelathini na tatu, watu wasije wakasema sina huruma.